Kusoma Italia: mimi nilianza kuchagua mkoa, chuo kikafuata

Naulizwa sana hili swali, kaka ulifikaje Italia na ada unalipaje, na wengi wanaoniuliza unakuta chuo wameshachagua kwa kuangalia jina au mji wenye picha nzuri. Mimi nilienda kinyume. Kabla ya kufungua ukurasa wa chuo chochote nilikaa na ramani ya Italia na kuangalia mikoa, maana ile nchi ina mikoa 20 na hela ya mwanafunzi inatoka mkoani. Serikali kuu inaweka kanuni tu, lakini anayekupa skolashipu, chumba cha hosteli na chakula cha bei ya chini ni taasisi ya mkoa. Emilia-Romagna wanaiita ER.GO, Piemonte ni EDISU, Toscana ni DSU Toscana. Vyuo viwili vya hadhi sawa vikiwa mikoa tofauti unaweza kuta maisha yako yanakuwa tofauti kabisa.

Hii skolashipu ya mkoa usiichanganye na Bodi ya Mikopo ya kwetu, hii haurudishi ukifaulu inavyotakiwa. Na wala haiangalii kwamba ulikuwa wa kwanza darasani, mwaka wa kwanza inaangalia kipato cha familia. Kwa mwanafunzi aliyetoka mbali inapita euro elfu sita kwa mwaka, na kama familia kipimo chake cha kipato (wanakiita ISEE) hakizidi euro 22,000 basi na ada ya chuo cha umma inafutwa au inabaki kodi ndogo. Familia nyingi za kwetu ziko chini ya hapo, tena mbali. Kazi inakuja kwenye kuthibitisha. Wanataka karatasi ya kipato cha wazazi, karatasi ya mali kama nyumba na kiwanja, na karatasi inayoonyesha familia ina watu wangapi, zote zitolewe na mamlaka, zitafsiriwe Kiitaliano na kupitishwa ubalozini. Sasa baba yangu ni mkulima na ana kibanda cha duka, slipu ya mshahara haijui, kwa hiyo nilianzia serikali ya mtaa nikapanda ngazi kwa ngazi, na kila muhuri unakula siku. Kitu ambacho wengi hawakijui, wizara ya huko hutoa orodha ya nchi maskini zaidi, na ukitoka kwenye hizo nchi unaweza kupeleka barua ya ubalozi kwamba familia yako haijulikani kuwa ya matajiri, badala ya rundo lote lile. Angalia orodha ya mwaka wako kabla hujaanza kuzunguka maofisini.

Halafu tarehe. Maombi ya skolashipu yanafungwa kipindi cha kiangazi chao, kwenye mwezi wa saba mpaka wa tisa kutegemea mkoa, yaani wengi wanakuwa bado wako Dar wanasubiri viza. Unaomba ukiwa nyumbani, usisubiri ufike. Ukifika mwezi wa kumi ukaanza kuulizia, umeshachelewa mwaka mzima.

Kuhusu vyeti, kwa wanaoenda digrii ya kwanza Italia wanataka angalau miaka 12 ya shule. Ukihesabu kwetu msingi saba, o level minne, a level miwili unapata 13 uko salama, ila aliyeishia form four ana 11 na hapo mlango umefungwa. Mimi nilikuwa naenda masters kwa hiyo walitaka cheti, transkripti na uthibitisho wa thamani ya digrii, ambao unaupata kwa njia ya ubalozi au kutoka CIMEA (kituo cha Italia kinachotambua vyeti vya nje), chuo ndio kinasema kinakubali upi. Udahili wa awali unajaza kwenye tovuti ya Universitaly na bila huo viza haiendi. Kwenye viza lazima uonyeshe hela ya kuishi, mwaka wa masomo 2024/25 ilikuwa takriban euro 6,947, na kiwango kinabadilika karibu kila mwaka kwa hiyo usichukue namba ya mtu aliyeenda zamani ikiwemo hii yangu.

Ukishatua una siku nane za kazi kuomba kibali cha kukaa. Hii ndio sehemu iliyonifanya niijue Italia ilivyo. Unaenda posta, sio polisi, unaomba bahasha yenye mstari wa njano, unajaza fomu kwa kalamu nyeusi na herufi kubwa. Kabla hujarudi dirishani unapita kwenye duka la sigara, lile lenye alama kubwa ya T nje, unanunua stempu ya euro 16 unabandika kwenye fomu. Ndio, stempu ya serikali inauzwa duka la sigara na ukiuliza posta wanakuelekeza huko huko. Jumla nilitoa euro 116 na senti. Unapewa risiti na siku ya kwenda polisi kupiga alama za vidole, halafu unasubiri kadi, na inaweza kuchukua miezi. Ile risiti ndio inakuwa kitambulisho chako, itunze kama roho.

Bima ya afya nayo ina ujanja wake. Kujiunga na huduma ya serikali kwa mwanafunzi kulikuwa euro 149 na kitu, kuanzia 2024 ni 700, na inahesabiwa Januari mpaka Desemba. Ukijiunga mwezi wa kumi umelipa mwaka mzima ukatumia miezi mitatu. Mimi nilianza na bima binafsi mpaka mwaka mpya ulipoingia.

Na baridi jamani. Watu wakisikia kusini mwa Ulaya wanabeba tisheti. Bologna, kule kaskazini, mwezi wa kwanza ni ukungu na baridi ya kuingia kwenye mifupa, na vyuma vya joto vya kwenye majengo vinawashwa kwa kalenda ya sheria, kule ni 15 Oktoba mpaka 15 Aprili, Palermo ya kusini inaanza Desemba tu. Ikipiga baridi tarehe 10 Oktoba unavaa koti ndani ya nyumba.

Mitihani mingi ni ya mdomo. Unakaa mbele ya profesa, wenzako wamekaa nyuma wanasikiliza, anauliza, mwisho anakutajia alama. Kufaulu ni 18 na mwisho ni 30. Akikutajia 21 unaweza kusema hapana asante nitarudi awamu nyingine, na hakuna anayekasirika. Mara ya kwanza nilivyoona mtu anakataa alama nilishangaa kweli, kwetu nani angethubutu. Ila ukikataa kataa angalia kalenda, mwaka wa kwanza unatakiwa uwe na krediti 20 (pointi za masomo uliyofaulu) ifikapo 10 Agosti ndio upate awamu ya pili ya skolashipu.

Kiitaliano anza hata kama kozi ni ya Kiingereza, kwa sababu dirishani hakuna Kiingereza. (Wao wenyewe Napoli, pale chuo kikuu cha L'Orientale, wanafundisha Kiswahili.) Kazi unaruhusiwa masaa 20 kwa wiki.

Ukitaka kuja nyumbani huku kadi haijatoka na viza imeisha, mimi iliwezekana kwa risiti, lakini usikate tiketi inayobadilisha ndege Amsterdam wala Frankfurt, ile risiti haikuruhusu kupita nchi nyingine ya Schengen (zile nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja). Mimi nilipitia Addis Ababa kwenda na kurudi.