Kiwavi wa mchungwa na majimoto

Vuli ile miche ya michungwa kwenye kitalu kimoja cha Muheza ilichipua vizuri, na kipepeo wake, yule mweusi mwenye madoa ya manjano, hakukawia. Hutaga yai moja moja, duara, kwenye jani changa. Mzee mwenye kitalu alitutuma tupite mstari kwa mstari tuokote viwavi kwa mkono.

Wadogo ndio wanaoponyoka. Ni kahawia na weupe, wanang'aa kana kwamba wamelowa, na hulala peupe juu ya jani. Ukipita haraka utasema kinyesi cha ndege, na ndege naye husema hivyo hivyo. Akishajivua ngozi mara ya nne, hila hiyo haifai tena. Kinyesi gani cha sentimita nne? Basi hugeuka kijani, na mgongoni karibu na kichwa hutokea alama mbili mithili ya macho. Kichwa chenyewe ni kidogo, kimeinamishwa chini yake.

Mmoja wa hao alikuwa kwenye mche uliogusana na tawi la mwembe, na majimoto, wale chungu wekundu wa mitini, walikuwa wakivuka. Chungu mmoja akamng'ata ubavuni. Kiwavi aliinua kifua, na nyuma tu ya kichwa ikachomoza pembe yenye panda mbili, nyekundu, imelowa. Akajipinda, akampaka nayo chungu. Yule akaachia, akarudi nyuma akisugua mdomo kwenye jani. Pembe ikarudi ndani. Husukumwa nje kwa shinikizo la damu na kuvutwa kwa misuli, na katika umri ule majimaji yake ni asidi. Nilimgusa, harufu ya samli iliyochacha iliganda vidoleni.

“Mjukuu wangu, leo utakula kwa kijiko,” mzee akasema.

Silaha hiyo huishia kwa kiwavi. Akiwa bundo, yaani ametulia ndani ya ganda akigeuka kipepeo, hana pembe, ana rangi tu: kijani penye majani, kahawia kwenye mti mkavu. Nyigu wadogo humvizia anapojivua, ganda likiwa bado laini, wakamtagia mayai mwilini. Kwenye nguzo za kivuli cha kitalu tulikuta mabundo yaliyotobolewa tundu dogo, ndani matupu. Yale yaliyopauka bila kutoboka mzee hakuyaponda. Aliyatia kwenye kopo, akafunga mdomo kwa kipande cha chandarua: nyigu wapenye warudi kitaluni, kipepeo akitoka abaki humo humo.