Mwalimu wa kwenye kioo haoni goti langu

Jumapili jioni

Leo nimeitazama video mpya ya mazoezi kuanzia mwanzo hadi mwisho nikiwa nimekaa kitini. Ni ya dakika 30, na mwalimu wake ana sauti changamfu inayomfanya mtu atamani kuinuka papo hapo. Sikuinuka. Nilikuwa na kalamu na daftari, nikiandika kila mahali ambapo goti langu la kulia lingepinga. Dakika ya 4 kuna kuruka huku miguu ikitanuka na mikono ikipanda juu. Hapo nitapiga hatua ya pembeni, mguu mmoja baada ya mwingine, mikono ikipanda vilevile. Dakika ya 17 kuna hatua ndefu za mbele za kushusha goti la nyuma karibu na sakafu; mimi nitaurudisha mguu nyuma badala ya kuutupa mbele, nikiwa nimeshika mgongo wa kiti, maana kwa njia hiyo goti la mbele halipokei kishindo cha kutua.

Naipa kazi hii ya daftari uzito mkubwa. Mtu akiwa anahema, jasho linamwingia machoni na mwalimu anahesabu kwa sauti, hana nafasi ya kufikiri. Atafuata anachokiona. Kwa hiyo uamuzi naufanya mapema, kichwa kikiwa kimetulia.

Goti langu linasagika. Gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo, limepungua upande wa ndani. Kifundo cha mkono wa kushoto nacho kiliwahi kuvunjika na hakikunjiki tena hadi mwisho. Hiyo ndiyo mipaka yangu. Wewe unayesoma huenda una yako: mgongo, pumu, shinikizo la damu, ujauzito, uzito, umri, au ule uchovu unaobaki baada ya kuugua. Tofauti ni nyingi, ila swali ni lilelile: nilifanyeje zoezi la video bila kuuumiza mwili wangu?

Nilidhani daktari angeniambia nilipumzishe goti. Aliniambia nisiache kulitumia, na akanieleza sababu. Gegedu halina mishipa ya damu. Lishe yake inatoka kwenye ute uliomo ndani ya kiungo, na ute huo unaingia na kutoka kadiri goti linavyobeba uzito na kuuachia. Zaidi ya hapo, misuli ya paja ikiwa na nguvu hupokea sehemu ya mzigo ambao ungeangukia mifupa. Tangu siku hiyo sikuwaza tena kama nifanye mazoezi. Nilianza kuwaza kiasi gani, kwa kina gani, kwa kasi gani. Hayo matatu ndiyo ambayo video haiwezi kunijibia, kwa sababu yule mwalimu anaiangalia kamera, hanioni mimi.

Nichukue mfano wa tabata, ule mtindo wa sekunde 20 za kujituma na sekunde 10 za kupumzika, mara 8, dakika 4 zimekwisha. Kwenye video karibu zote umejaa kuruka. Jina hilo limetoka kwa Izumi Tabata, mtafiti wa Japani ambaye yeye na wenzake walichapisha utafiti wao mwaka 1996. Waliopimwa walikuwa vijana wa kiume waliozoea mazoezi, na walifanya kazi hiyo kwenye baiskeli ya maabara, ile isiyotoka mahali pake. Hakuna aliyeruka. Kilichotafutwa ni nguvu kubwa kwa muda mfupi, na baiskeli huileta bila mguu kupiga sakafu hata mara moja. Basi ninapoondoa kuruka kwenye tabata na kuweka ngumi za harakaharaka nikiwa nimesimama imara, sijakiharibu kitu. Kuruka kuliongezwa baadaye na watengenezaji wa video. Jambo hili lilinipa amani kubwa nilipolijua, na namwambia kila anayeona haya kubaki na miguu yote miwili chini.

Sasa kuchuchumaa, zoezi ambalo nimelichunguza kuliko yote. Naweka kiti kigumu nyuma yangu, mgongo wake ukigusa ukuta ili kisikimbie. Miguu inatanuka kupita kidogo upana wa nyonga, vidole vikitazama nje kidogo. Narudisha makalio nyuma kwanza, ndipo magoti yanakunjika. Nashuka taratibu nikihesabu hadi 4, nagusa ukingo wa kiti bila kukaa, nainuka. Siku ambayo goti limeamka vibaya, naweka mto juu ya kiti, na siku mbaya zaidi naweka miwili. Mto mmoja unaniinua kama upana wa vidole vinne, na huo upana mdogo hubadilisha kila kitu, kwa sababu mgandamizo nyuma ya pia ya goti huongezeka kadiri goti linavyokunjwa. Nikipunguza kina kidogo, maumivu yanaondoka yote, lakini paja linaendelea kufanya kazi. Na kwa kuwa nashuka polepole, misuli inatetemeka kabla mwalimu hajamaliza seti yake.

Hata mwenye magoti mazima asikubali kwamba kuna kina kimoja cha watu wote. Mwenye mfupa mrefu wa paja na kiwiliwili kifupi lazima ainame mbele zaidi ili asianguke nyuma. Umbo la tundu la nyonga linatofautiana kutoka mtu hadi mtu. Kifundo cha mguu kikiwa kigumu, kisigino kitanyanyuka tu, hata ukaripiwe namna gani. Mwalimu anayesema "kifua juu, shuka zaidi, zaidi!" anasema kwa mifupa yake mwenyewe. Ni mifupa mizuri, lakini si yangu.

Pushapu zilinipa taabu kwa sababu ya kifundo cha mkono, ila suluhisho lake halikuwa gumu. Nashika vyuma viwili vya mkononi vilivyolazwa sakafuni, kifundo kinabaki kimenyooka. Wakati mwingine nakunja ngumi juu ya taulo. Kuhusu uzito, pushapu ya kawaida huitwisha mikono karibu theluthi mbili za uzito wa mwili. Ukiweka magoti chini unabaki karibu na nusu, na ukiegemeza mikono juu ya kitu kirefu kama meza imara, unapungua tena. Kwa hiyo una ngazi nzima ya kuchagua. Unaweza kuanzia ukutani, ukaja mezani, ukashuka kwenye kiti, na usifike sakafuni kamwe, na bado misuli ya kifua na mikono ikakua.

Hapa nina neno la uchungu kidogo. Katika video nyingi kuna mtu mmoja nyuma, pembeni, anayeonyesha "toleo rahisi". Kamera inampitia mara moja, inamwacha. Ikifika dakika ya 12 hata hajulikani anafanya nini. Wanaomhitaji mtu huyo ni wengi mno kuachwa hivyo. Na neno "rahisi" lenyewe si kweli. Mwenye goti bovu anayeshuka kwenye kiti kwa hesabu ya 4 anajituma sawa na kijana anayeruka, pengine kumzidi.

Kujituma huko kuna namna ya kukupima bila kifaa chochote. Gunnar Borg, mwanasaikolojia wa Sweden, alitunga kipimo kinachoanzia 6 hadi 20, mtu mwenyewe akisema anajisikia anajituma kiasi gani: 6 ni kama amekaa tu, 13 ni kazi yenye ugumu kiasi, 20 ni mwisho wa nguvu zake. Mimi nakaa kati ya 12 na 14. Kwa wanaotumia dawa za moyo au za shinikizo zilizo katika kundi la beta-bloka, kipimo cha namna hii kinaaminika kuliko saa ya mkononi, kwa sababu dawa hizo huyashusha mapigo ya moyo na namba inayoonekana kwenye saa haisemi tena ukweli wote. Njia nyepesi zaidi ni kuongea: ukiweza kusema sentensi nzima lakini huwezi kuimba, uko kwenye kiwango cha wastani. Na usibane pumzi, hasa ukiwa kwenye planki, lile zoezi la kujinyoosha kifudifudi ukijishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu. Kukaza mwili huku umebana pumzi hupandisha shinikizo la damu ghafla.

Maumivu nayo nimejifunza kuyatofautisha. Kuna yale ya misuli, mazito, yaliyotapakaa, yanayokuja siku ya pili na kuondoka yenyewe. Hayo hayanisumbui. Kuna yale makali ya sehemu moja, ndani ya kiungo, yanayochoma wakati huohuo zoezi linapoendelea. Hayo nikiyasikia nasimamisha video, siendelei hata mara moja zaidi. Kipimo changu cha mwisho ni asubuhi inayofuata: goti likiwa limevimba au limekaza kuliko kawaida, kiasi cha jana kilizidi, na daftari linapata alama. Nikiwa salama, naongeza kitu kimoja tu, ama kina, ama kasi, ama idadi. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi isiyorudi hayamo kwenye hesabu hizi. Hayo ni ya kuacha mara moja na kutafuta daktari.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima kufanya mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu siku 2 au zaidi. Kilichonigusa si namba hizo. Ni kwamba mwongozo huo uliwatengea sehemu yao watu wenye ulemavu na wenye magonjwa ya muda mrefu, na uliondoa sharti la zamani kwamba zoezi lisipofika dakika 10 mfululizo halihesabiwi. Kwa hiyo ile video ya dakika 30 naikata vipande: kimoja asubuhi, kingine mchana, kingine jioni kama goti linaruhusu. Na nikitaka nafasi ya kuweka mguu vizuri, napunguza kasi ya video hadi 0.75, muziki unaburuta kidogo, lakini mwili unapata muda wake.

Kati ya walimu ninaowafuata, yupo mmoja ambaye kabla ya kila zoezi husema linalenga nini: "hili ni la makalio," "hili ni la mizani," "hapa tunatafuta pumzi." Ni sekunde chache tu. Lakini nikishajua lengo, naweza kulifikia kwa njia yangu: makalio nayapata nikiwa nimelala chali nikiinua nyonga, mizani naipata kwa mguu mmoja karibu na ukuta, pumzi naipata kwa ngumi. Jioni hii nimemwandikia kumshukuru. Nimemwomba pia, safari ijayo, yule wa kwenye kiti amweke mbele, katikati ya kioo, na wanaoruka wakae pembeni.