Bomba moja, sauti moja: kutunga muziki na watoto 15

Ukimpa mtoto kinanda siku ya kwanza, atatafuta wimbo anaoujua. Mpe sauti moja tu, na wenzake wapewe zao, hapo itabidi watunge. Wapiga amakondere, mabaragumu ya asili ya Uganda, wanaujua utaratibu huo: kila baragumu lina sauti yake, na wimbo hupatikana kwa kupokezana.

Kwa watoto 15 wa miaka 9 hadi 14, bomba jipya la plastiki la nusu inchi, mita 6, linatosha kutengeneza filimbi moja kwa kila mtoto na kubaki. Kata vipande vitatu vitatu vya sentimita 36, 32, 29, 25 na 22. Hizo ni do, re, mi, sol na la, sauti tano ambazo hata zikigongana haziumizi sikio. Piga msasa kingo zote, maana ukingo wenye makwaruzo huchana mdomo na kuharibu sauti.

Kila bomba lizibwe upande wa chini, na kizibo kizuri kuliko vyote hutoka kwenye ndala kuukuu iliyooshwa vizuri. Kata duara linalozidi tundu kidogo, ulikandamize kwa vidole, ulisukume ndani kwa kijiti kutoka upande wa chini. Kati ya mdomo wa bomba na kizibo ibaki sentimita 33, 29, 26, 22 na 19. Ukikipandisha, sauti inapanda, ukikishusha, inashuka. Bomba likilia kwa mkwaruzo wa hewa tu, kizibo kinavuja, kata kingine. Pima sauti kwa programu ya simu ya kulinganishia ala, lakini mtoto apulize kwanza dakika moja, kwa sababu hewa ya ndani ikipata joto sauti hupanda. Mabomba yaliyolinganishwa yakiwa baridi yatakusumbua baadaye. Vijana wa miaka 13 na 14 wapewe kazi hii ya kulinganisha. Aibu yao huyeyuka mikono ikiwa na shughuli.

Bomba hukaa chini ya mdomo wa chini, pumzi ipite juu ya ukingo kama kwenye chupa tupu ya soda, huku ulimi ukitamka "tu". Wengi hupuliza kwa nguvu mno, na bomba la do linaruka hadi sol ya juu. Mwambie apulize kama anayepoza chai. Baada ya dakika tatu pumzisheni, la sivyo kizunguzungu kitawakalisha chini. Kila bomba liandikwe jina, wala lisipokezwe mdomo kwa mdomo.

Sasa utunzi. Chora safu tano kwenye kipande cha boksi, moja kwa kila sauti, kila safu visanduku 12, kila kisanduku pigo moja. Kila kundi la watoto watatu wenye sauti moja linachagua visanduku viwili au vitatu vya kupuliza. Karibu wote watachagua cha kwanza, na wimbo utakuwa kishindo kimoja na ukimya mrefu. Weka sharti: pigo moja lisizidi sauti mbili, na mapigo mawili yabaki matupu kabisa. Ukimya ndio unaowapa nafasi ya kusikilizana.

Miguu itembee papo hapo, kayamba ishike mapigo, polepole, pigo moja kwa sekunde. Waimbe safu zao kwanza kwa majina ya sauti, kama wanakwaya wanaojifunza wimbo, ndipo wapulize. Wakipotea, usiwasimamishe, hesabu kwa sauti hadi 12, wataingia tena kwenye moja. Mzunguko ukitulia, ruhusu kila kundi lihamishe kisanduku kimoja tu. Wataanza kubishana kipi kihamishwe, na hapo mkufunzi anyamaze.