Pumzika Kwanza, Mwanangu

Mwaka 2018 nilifungua hoteli ya chakula Nairobi, mtaa wa Donholm. Meza sita, jiko la gesi, na ubao nje: wali wa nazi, samaki wa kupaka, maharage, chapati. Mimi ni mzaliwa wa Pangani, mkoa wa Tanga, Tanzania. Kupika najua na kupokea wageni najua, na nilidhani kuajiri nako nakujua, maana Tanga nilikuwa na genge langu la chakula, na wale wasichana wawili walionisaidia tulikaa miaka minne bila kugombana.

Ndugu zangu wa Tanzania hunipigia simu: dada, nataka kufungua biashara Nairobi, wafanyakazi wanapatikanaje? Kupatikana wanapatikana. Asubuhi niliyobandika karatasi mlangoni walikuja kumi na moja, kila mmoja na bahasha yake. Ndani mna nakala ya kitambulisho, namba ya kodi, cheti cha tabia njema cha polisi, na cheti cha afya cha watu wanaoshika chakula, ambacho ni lazima upimwe upya kila miezi sita. Kwetu msichana wa kazi huletwa na mama yake mdogo, mnakunywa chai, mama mdogo anasema huyu mtoto hana neno, imekwisha. Hapa mtu anajileta mwenyewe, anakaa wima, anauliza mshahara ni ngapi na siku ya kupumzika ni ipi kabla hujamuuliza jina. Mwanzo nilidhani ni ukavu wa macho. Sikuwa sawa. Wanataka kujua mambo yao mapema, na ni haki yao.

Nilimchukua kijana mmoja kutoka Webuye, umri wake miaka 23. Mbuzi ya kukunia nazi hakuwa ameiona maishani. Siku ya kwanza alijikata kidole, siku ya pili nazi ikatoka mabonge. Kufika wiki ya pili alikuwa ameikalia kama mtu wa Pangani, kifuu kwenye kiganja anakizungusha taratibu, nazi inashuka nyeupe tupu. Akikaribia ile ngozi ya kahawia anasimama, kwa sababu nilimwambia mara moja tu kwamba ikiingia inaharibu rangi ya tui. Alikuwa kijana wa kuambiwa mara moja. Nilimweka kama kibarua, namlipa kila jioni, tukaenda hivyo miezi saba.

Mwezi wa saba akaniambia mjomba wake amefariki. Nikampa pole, nikampa na kitu kidogo mkononi, nikamwambia nenda. Akasema, "La, mama, mazishi bado. Nitakuomba ruhusa wakati ukifika." Akaendelea na kazi. Zikapita siku kumi na mbili, ndipo akaja kuomba ruhusa ya wiki nzima, aende akazike.

Sisi Pangani mtu akifa alfajiri, alasiri yuko kaburini. Sikuwahi kusikia maiti akakaa siku kumi na mbili. Moyoni nikasema huyu kijana ananidanganya, na mtu anayetumia jina la maiti kuombea mapumziko si mtu wa kukaa naye. Sikumuuliza. Ningemuuliza angenieleza kilichokuwepo: maiti yuko mochari, ndugu wanachanga kila jioni hela za jeneza na za gari la kumsafirisha hadi nyumbani, wanasubiri walio mbali wafike, na mazishi yamepangwa Jumamosi. Magharibi ya Kenya ni jambo la kawaida kabisa. Siku hizi kila mtu jikoni kwangu anajua kwamba mama akiambiwa msiba swali lake la kwanza ni "Mnazika lini?"

Siku ile sikuuliza. Nilimlipa ya siku hiyo, nikamwambia kwa sauti ya upole, "Basi pumzika kwanza, mwanangu. Tutaitana."

Mtu wa Tanga akisikia maneno hayo anafunga kanga yake na kuondoka, amekwisha elewa kwamba kazi hana. Tunasema hivyo kumsitiri mtu, asiondoke amevunjika uso mbele ya wenzake. Kijana wa Webuye alisikia kilichosemwa: apumzike, ataitwa. Akaenda akazika. Akakaa wiki tatu akisubiri simu, kisha akapanda basi akarudi. Alisimama mlango wa jikoni na begi mgongoni, akasema, "Mama, nimerudi." Juu ya mbuzi alikuwa amekaa mtu mwingine.

Sitasahau alivyoitazama ile mbuzi. Hakunipigia kelele. Aliuliza, "Kwa hivyo?" Nami, badala ya kumjibu neno moja la wazi, nikazunguka tena, mara biashara imepungua, mara tutaona. Akaenda ofisi ya kazi, na mimi nikaitwa.

Afisa wa kazi alikuwa mama wa makamo, faili mbele yake. Akaniuliza, "Ulimfuta kazi au hukumfuta?" Nikasema nilimwambia apumzike. Akamgeukia kijana. "Na wewe ulielewa nini?"

"Nilielewa nipumzike."

Pale nilijua kosa ni langu, kabla hata sheria haijasomwa. Nilipojitetea kwamba alikuwa kibarua tu, yule mama akanieleza taratibu. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inasema kibarua akifanya kazi kwa mfululizo siku zikafika mwezi, anahesabiwa mfanyakazi wa mwezi, hata kama unamlipa kila jioni. Kumwachisha kunataka notisi ya siku 28. Na kama unamwachisha kwa kosa, ni lazima kwanza umweleze kosa lake kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake aliyemchagua, na usikilize wanachosema wote wawili. Mimi sikumweleza kosa. Kosa lenyewe halikuwepo.

Tukapiga hesabu mezani. Mshahara wa notisi. Likizo: huku ni siku 21 za kazi kwa mwaka, na aliyeachishwa kabla ya mwaka anadai siku moja na robo tatu kwa kila mwezi aliomaliza, kwa hiyo miezi saba ikawa siku 12 na robo. Kisha posho ya nyumba, ambayo Tanga sikuwahi kuiwaza, ila Kenya mwajiri asiyempa mfanyakazi mahali pa kulala humwongezea hela ya kodi ya nyumba, nayo nilikuwa sijamlipa hata mwezi mmoja. Nililipa yote. Nikamwomba pia arudi kazini. Akakataa kwa adabu, akasema keshapata kazi Kisumu.

Baada ya hapo nikakaa na ile sheria nikaisoma mwenyewe. Mengine Kenya wametuzidi. Baba aliyepata mtoto anapewa wiki mbili, kwetu siku 3. Lakini likizo ya msiba sikuiona humo, wakati sheria yetu ya mwaka 2004 inatoa siku 4 za malipo kwa aliyefiwa na mzazi, mwenza, mtoto au ndugu wa kuzaliwa naye. Hizo 4 nimevuka nazo mpaka, na nimemwongeza mjomba. Kila mtu kwangu ana mkataba wa Kiswahili, na siku ya kulipa anapata karatasi inayoonyesha kilichokatwa: akiba ya uzeeni ya NSSF, bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75, ushuru wa nyumba asilimia 1.5, nami naongeza asilimia 1.5 nyingine kutoka mfukoni mwangu.

Kilichonigharimu zaidi ni kujifunza kusema. Nimelelewa kuamini kwamba mtu mzima hamwambii mwenzie ubaya usoni, na bado naona ni malezi mema nyumbani. Lakini yule ambaye mkate wa watoto wake uko mkononi mwangu nikimfumba maneno, namwacha gizani. Bado mdomo unakuwa mzito.

Wiki iliyopita dada wa chapati alichelewa siku tatu mfululizo. Nikamwita baada ya chakula cha mchana, nikamwambia aje na mwenzake. Nikasema, "Jumatatu, Jumanne na Jumatano umefika saa tatu, na kazi inaanza saa moja. Sikufukuzi. Nataka kujua kuna nini." Mikono yake ilikuwa na unga mpaka kwenye viwiko. Akasema mtoto amebadilishiwa shule, na hakuna wa kumpeleka. Mwenzake akasema yeye anaweza kufungua jiko asubuhi, dada abaki kufunga jioni. Nikaandika, wakasoma, wakatia sahihi, na karatasi ikabaki na alama ya kidole cha unga.