Dai la nne

Barua ilikuwa na kurasa sita. Niliifungulia pale pale nje ya posta ya Tanga, baiskeli nimeiegemeza kiunoni, kwa sababu nilikuwa nimengoja zaidi ya mwaka na sikuweza kungoja mpaka nifike nyumbani. Sikusoma maelezo. Jicho liliruka moja kwa moja hadi kwenye jedwali la ukurasa wa mwisho, nikaona X, X, X, na chini yake A moja peke yake.

Mtu aliyepita shule ya msingi anaijua X ya wino mwekundu. Nilihisi tumbo limeniporomoka. Baadaye, nilipotulia, nilielewa kwamba herufi zile hazikuwa maksi. Katika ripoti ya uchunguzi wa hataza, yaani haki anayopewa mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, X huwekwa kwenye hati ambayo peke yake yatosha kuonyesha kwamba unachokidai si kipya, au kwamba hakina hatua ya uvumbuzi. Y ni hati inayokuangusha ikiunganishwa na nyingine. A ni hati ya kukupa picha ya jumla tu, haikugusi. Madai yangu, yaani mambo niliyotaka yalindwe kuwa yangu, yalikuwa manne. Matatu yameangukiwa na X, la nne limebaki na A.

Nilichokiombea hataza kilikuwa tochi ya kuchomelea kwa gesi. Lazima nieleze inavyofanya kazi, maana bila hivyo kilichotokea baadaye hakitaeleweka.

Kwenye karakana za Ngamiani, mjini Tanga, enzi hizo, mtungi wa asetilini ulikuwa kitu cha wenye uwezo. Sisi tulitengeneza gesi wenyewe kwa kabaidi: unaitia kwenye pipa lenye maji, inachemka, gesi inatoka. Gesi hiyo haina msukumo mkubwa, kwa hiyo tochi inayofaa ni ile ya kunyonya. Oksijeni inapita kwa kasi kwenye tundu jembamba, na kule kupita kwake kunaivuta asetilini ndani, vinachanganyika, vinatoka puani na kuwaka. Moto ule ukiuweka sawa unapita nyuzi 3,000 za Selsiasi. Unayeyusha chuma kama samli.

Hatari yake ni moto kurudi nyuma. Pua ikipata joto kupita kiasi, au ikigusa kazi, au oksijeni ikipungua, gesi inatoka polepole kuliko moto unavyokimbia, basi moto unaingia ndani ya tochi. Unasikia "pa!", halafu mlio mwembamba kama wa nyuki aliyefungiwa. Hapo unafunga oksijeni kwanza, upesi, moto usije ukafika mpaka kwenye mpira wa gesi na kwenye pipa. Nilimwona kijana wa rika langu akiungua mkono wote wa kushoto kwa sababu alisita. Sikuisahau harufu ile, na ndiyo iliyonifanya, nikiwa chuo cha ufundi Dar es Salaam, nianze kuchora tochi yangu.

Mchoro wangu ulikuwa na kibweta kidogo cha shaba ya njano ndani ya mshikio, mbele ya valvu ya gesi, kilichojazwa chenga za chuma kisichoshika kutu. Moto ukirudi unapita kwenye vinjia vyembamba kati ya chenga, chuma kinaunyang'anya joto, unakufa. Hilo lilikuwa dai la kwanza. La pili lilihusu chenga zenyewe: zisiwe za shaba nyekundu kwa hali yoyote, kwa sababu shaba nyekundu ikikaa na asetilini hujenga kitu kinacholipuka kwa kuguswa tu. La tatu lilisema kibweta kinafunguka bila kung'oa mipira, kwa kuwa gesi ya kabaidi huja na vumbi la chokaa, na kibweta kisiposafishwa huziba. La nne niliandika usiku wa mwisho kabla ya kutuma maombi, karibu kama pambo. Ukifungua gesi, shina la valvu linasogea nje na kola yake inaingia kwenye mfuo wa kibweta. Kibweta hakizunguki tena. Huwezi kukifungua mpaka uwe umefunga gesi.

Kwenye nafasi ya mvumbuzi nikajaza jina langu.

Wiki ile ya barua nilishinda kwenye kibanda cha intaneti karibu na stendi. Ripoti ilikuwa na alama juu yake, F23D 14/38 na F23D 14/82. Nikajifunza kwamba hataza za dunia nzima zimepangwa kama rafu za duka, na kwamba rafu ya kwanza kati ya hizo mbili ni ya tochi, ya pili ni ya kuzuia moto usirudi nyuma. Ukiingia Espacenet, maktaba ya bure ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya, unaandika alama ile na rafu yote inakufungukia. Nilikaa nikipitisha michoro mmoja baada ya mwingine, ya Wajerumani, ya Wafaransa, ya Waingereza, mingine imechorwa kwa mkono kwa usafi wa ajabu. Kibweta changu kilikuwamo. Si kwamba kulikuwa na kinachofanana nacho. Kilikuwamo chenyewe, kwenye hati ya Kijerumani iliyochapwa kabla babu yangu hajaoa, ndani ya mshikio, na vichenga vyake vimechorwa vidoti vidoti.

Niliendelea kurudi nyuma. Le Chatelier, mkemia wa Kifaransa, alikuwa ameonyesha mwaka 1895 kwamba asetilini na oksijeni hutoa moto mkali kuliko wote waliokuwa wakiujua. Fouché na Picard wakatengeneza tochi yao Ufaransa mwaka 1903. Na nyuma kabisa, mwaka 1815, Humphry Davy, mkemia wa Kiingereza, alikuwa amezungushia taa ya wachimba makaa wavu wa waya, akaona moto haupenyi. Wavu wa kawaida hauwezi kuuzima moto wa asetilini na oksijeni, tundu zake ni kubwa mno kwake, lakini wazo ni lile lile: upitishe moto mahali pembamba penye chuma, chuma kitaunywa. Nililodhani nimelizaa mimi chuoni lilikuwa na miaka karibu mia mbili.

Haki ya yule Mjerumani ilikuwa imekwisha zamani. Hataza huishi miaka 20 tangu siku ya kuombwa, kisha kilichomo ni cha kila mtu. Kwa hiyo tulikuwa huru kabisa kukitengeneza kibweta kile Tanga, na tungekuwa huru hata kama nisingechora chochote. Ningelijua hilo mapema ningeokoa usiku mwingi.

Ndipo nikarudi kuisoma barua yenyewe, polepole, kwa kamusi. Nataka kusema wazi kwamba sijapata kusomwa na mtu kwa uangalifu kama nilivyosomwa na mchunguzi yule wa ofisi ya hataza aliyeiandika. Alikuwa ameielewa tochi yangu kuliko nilivyoieleza. Pale nilipochanganya maneno alinisahihisha bila kunidharau. Na kuhusu dai la nne aliandika kwamba kwenye hati zote alizozipata hakuna inayoonyesha kibweta kinachofungwa na shina la valvu, wala hakuna linaloweza kumwongoza "mtu mwenye ujuzi wa kawaida katika fani" kufikia hapo. Akashauri niliunganishe dai la kwanza na la nne liwe dai moja. Nikifanya hivyo, maombi yanaweza kuendelea.

Nilisimama kwenye maneno yale. Mtu mwenye ujuzi wa kawaida katika fani. Sheria ya hataza inamhitaji mtu huyo wa kufikirika: ajue kila kilichokwisha kuandikwa, awe na mikono ya kazi, lakini asiwe na cheche. Jambo likiwa wazi kwake, si uvumbuzi. Mimi kila nilipojaribu kumfikiria mtu huyo alinijia mmoja tu, ameketi kwenye kibao barabara ya kumi na mbili, Ngamiani, miwani ya kuchomelea imepandishwa kipajini, anakunywa kahawa chungu. Mjomba wangu. Na mkononi mwake ana tochi.

Na tochi ile ilikuwa na mfuo.

Sijui nieleze vipi jinsi jambo linavyoweza kukaa mkononi mwa mtu bila kufika kichwani. Tangu nina miaka kumi nilikuwa nikienda kwa Mjomba likizo, nafuta radieta za mabasi ya Lushoto, nashikilia visu vya korona, mashine ya kukwangua majani ya mkonge, vinavyoletwa kutoka mashambani vikachomelewe. Kusafisha kibweta ilikuwa kazi ya mtoto. Unafunga gesi, unazungusha, unagonga chokaa itoke. Usipofunga gesi, hakizunguki. Mkono wangu ulikuwa umejua hivyo miaka kumi na tano, na usiku ule wa mwisho, nilipokuwa natafuta dai la nne, mkono ndio ulioandika. Niliamini nimelifikiri.

Nilikwenda baada ya alasiri. Kaskazi ilikuwa inavuma, na Mjomba alikuwa ameinamisha bati kukinga moto.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Mbona umepauka hivyo, kuna msiba?"

Nikamsomea barua yote, natafsiri ninapokwenda. Alisikiliza kama anavyosikiliza injini, kichwa kaelekeza upande. Nilipofika kwenye X aliuliza maana yake, nikamweleza. Nilipofika kwenye hati ya Kijerumani akatikisa kichwa, akasema kibweta alikifunzwa na fundi mmoja wa shamba la mkonge aliyekuwa mzee tayari, na mzee huyo alikifunzwa na wazungu. Halikumshangaza.

"Na la nne wamelipenda."

"Wamelikubali."

"La nne ndilo lipi?"

Sikuweza kulisema. Nikaitwaa tochi yake ukutani, nikafungua valvu, nikajaribu kuzungusha kibweta. Hakikwenda. Nikafunga, kikazunguka.

Akanyamaza muda.

"Hiyo niliitia mwaka niloungua nyusi," alisema. "Nilikuwa nakifungua kusafisha, gesi wazi, na jiko la kahawa liko hapo. Mama yako atakwambia. Karatasini umeandika kaifanya nani?"

"Mimi."

Upepo ukaangusha lile bati. Aliliokota, akaliegemeza tena, akakaa.

"Ukiwajibu hivyo hivyo, watakupa?"

"Naona watanipa."

"Na wale wa Makorora? Nimewakerezea wangapi, sita? Saba? Na yule wa Pongwe. Wao watakuwa wanaiba?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa nimefikiria jina langu, na nilikuwa nimeanza kufikiria jina lake, kwamba nitaandika upya fomu, mvumbuzi awe yeye, na nitampelekea hati yenye muhuri. Lakini tochi ile ilikuwa imening'inia kwenye ukuta ulio wazi kwa barabara miaka yote ile. Kila aliyekuja kuchomeleshwa geti au kitanda aliweza kuishika. Mafundi walikuja kuitazama makusudi, na yeye akawaonyesha na kuwakerezea zao. Kitu kilichotumika hadharani namna hiyo kimekwisha kuwa cha umma, na hakuna jina unaloweza kulijaza kwenye fomu likakirudisha siri. Mchunguzi hakukiona kwa sababu alitafuta kwenye maandishi, na ukuta wa Mjomba haumo kwenye rafu F23D. Aliyekuwa anajua ni mimi, na yeye alikuwa ameniamini kwamba nimesema ninalolijua.

Jibu langu lilikuwa ukurasa mmoja. Niliandika kwamba sifa iliyo katika dai la nne imetumika hadharani Tanga kwa miaka mingi kabla ya tarehe ya maombi yangu, kwamba mvumbuzi wake ni mwingine, na kwamba ninaondoa maombi. Niliandika mara nne. Rasimu tatu za mwanzo zilikuwa na maneno ya kujitetea, nikayafuta. Pesa za ada zilikuwa zimekwenda, nazo zilikuwa akiba yangu ya miezi minane, na usiku ule niliposhindwa kulala nilizilia. Baada ya majuma kadhaa yakaja majibu ya mistari mitatu kwamba maombi yameondolewa. Chini kabisa pana sahihi ile ile ya mchunguzi.

Mjomba aliuomba mchoro. Ule mkubwa, niliouchora kwa wino chuoni, tochi imekatwa katikati ili ndani paonekane. Aliutandika juu ya meza ya vaisi, akaukandamiza kona kwa nati nne, akauinamia kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kidole chake kilitembea kutoka kwenye pua, kikapita kichanganyio, kibweta, valvu, hadi nyuma kabisa kwenye miunganiko ya mipira. Pale kikasimama.

"Huyo bwana hakuliona hili?"

"Lipi?"

"Huu ni upande wa gesi. Mpira mwekundu."

"Ndiyo."

"Thredi umeichora inakaza kulia."

Niliangalia. Ilikuwa kweli. Oksijeni hukaza kulia, gesi hukaza kushoto, ili mtu asiweze kamwe kuchanganya mipira hata gizani. Kila fundi wa gesi anajua, na mimi nilikuwa nimeichora kinyume, nikaituma, ikasomwa kurasa sita.

Mjomba alichomoa penseli nyuma ya sikio, akailamba ncha, akaanza kuchora mistari ile upya, mmoja mmoja, ikilalia upande wa pili.