Nchi ya milima ya kubuni: anza na maji, mfalme atafuata

Waandishi wengi wa riwaya wanaobuni nchi ya milimani huanza na mfalme. Wanamtungia ukoo, vita na hazina, kisha milima wanaitundika nyuma yake kama pazia la jukwaani. Hadithi ikifika sura ya tano, mashujaa wanavuka korongo kwa dakika kumi, kila kijiji kinasema lugha moja, na hakuna ajuaye watu wale wanakula nini. Anza na mvua inakotoka, maji yanakopita, na nani mwenye haki ya kuyafungulia. Siasa na mila zitafuata hapo hapo. Kaskazini mashariki mwa Tanzania, kuanzia Kilimanjaro kupitia Upare hadi Usambara, kuna mifano ya kutosha ya kujifunzia.

Chora mlima, amua upepo wa mvua unatoka upande gani. Upande huo uwe wa kijani, wa pili uwe mkavu. Kilimanjaro, mita 5,895, migomba na watu wengi wako kusini na mashariki. Kaskazini ni kukavu zaidi. Kisha gawa kwa kimo. Hewa hupoa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo tambarare ya mita 800 ikiwa na nyuzi 28, kwenye mita 1,800 tarajia nyuzi 22. Andika mazao ya kila ukanda: chini mahindi, mtama na ulezi; katikati migomba na magimbi; juu msitu. Kosa la kawaida ni kupandisha migomba mpaka kwenye theluji. Ukipita mita 2,000 hivi mgomba unadumaa.

Kaya ya mlimani hutumia zaidi ya ukanda mmoja. Mchaga alikuwa na kihamba chenye migomba kuzunguka nyumba, na shamba jingine huko tambarare. Ng'ombe walifungwa nyumbani. Wanawake walishuka kukata majani, wakapanda nayo kichwani, na samadi ikarudi kwenye migomba. Ukilijua hilo, unajua njia zipi zina watu asubuhi, na nani anakutana na nani.

Sasa mfereji, ambao kwangu ndio moyo wa nchi nzima. Mfongo, yaani mfereji wa Kilimanjaro, huanzia mtoni, juu karibu na msitu, kisha hufuata ubavu wa mlima ukishuka polepole. Ukiulaza mno, maji yanazubaa na tope linajaa. Ukiuinamisha mno, maji yanakula kingo na mfereji unageuka korongo. Penye bonde dogo maji huvushwa kwa gogo lililotobolewa. Mlango wake mtoni ni mawe, matawi, majani ya migomba na udongo, na masika ya nguvu huubomoa, hivyo kuutengeneza ni kazi ya kurudiwa, ya pamoja, na asiyefika hutozwa. Ukoo wa aliyeuchimba ndio wenye mfongo. Wengine huomba zamu, na kuomba huko huenda na mbege, pombe ya ndizi. Upareni wana ndiva: kijito kidogo hukusanywa bwawani usiku kucha, asubuhi kikafunguliwa. Sababu ni kwamba maji machache yakiachwa yatiririke yenyewe, ardhi inayanywa kabla hayajafika shambani. Yakiachiwa kwa mkupuo yanafika.

Hapo una visa vya kutosha: jirani wa juu aliyeziba usiku, mjane aliyerukwa zamu, ukoo unaodai mfereji uliochimbwa na babu wa mwingine. Mtawala wako apate kazi kwa kuamua mambo hayo, kabla hujampa jeshi.

Makorongo ndiyo mipaka. Kilimanjaro yanashuka toka juu hadi chini, na katikati yake zikasimama himaya za mamangi, watawala wa Kichaga: Machame, Kibosho, Kilema, Marangu na nyinginezo. Msemaji wa Kimachame na wa Kirombo wakikutana, kila mmoja akiongea kwao, hawasikilizani kwa urahisi. Kwa mwendo wa miguu, hesabu saa 1 kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Vijiji vilivyo kilomita 5 mbali, vikitengwa na korongo la mita 300, ni saa moja na nusu bila mzigo. Mto ukijaa, havifikiani.

Ipe nchi yako kitu inachokosa. Wachaga walitafuta chuma kwa wahunzi wa Ugweno, huko Upare, na biashara hiyo iliwafunga pamoja majirani. Biashara inaweza pia kuangusha ufalme. Usambara, simulizi zinamtaja Mbegha, mwindaji aliyegawa nyama kwa wenyeji wa milimani, na Wakilindi wa uzao wake wakatawala kutoka Vuga. Misafara ya bonde la Pangani ilipoleta bunduki, Semboja, mmoja wa Wakilindi hao, alikaa Mazinde, chini tambarare, penye njia ya misafara. Nguvu ikashuka naye, na Vuga juu ikapungukiwa.

Kwa mila, usirundike sherehe kumi. Chukua kitu kimoja ukipe kazi nyingi. Isale, mmea wa majani marefu, hupandwa na Wachaga mipakani mwa vihamba, na anayeomba msamaha hulibeba jani lake mkononi. Mtu aking'oa isale, msomaji ataelewa uzito wake bila maelezo.

Historia nayo iguse vitu vya kushikika. Mmisionari Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848. Mangi Meli wa Moshi alinyongwa na Wajerumani mwaka 1900. KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ukaanzishwa mwaka 1933. Tarehe hizo zina maana ukionyesha kilichobadilika nyumbani: kahawa iliingia chini ya kivuli cha migomba, ndizi zikiwa za mama, fedha ya kahawa ikawa ya baba.

Rasimu ikikamilika, mtume mtu mmoja kutoka ukingo wa msitu hadi sokoni tambarare na kurudi siku hiyo hiyo. Andika saa ya kuondoka, mizigo, mifereji atakayoruka, na anayemdai zamu njiani. Penye pengo, rudi kwenye ramani uchore upya.