Usiku wa Mbalamwezi Kibirizi

Somo: Marko 6:30–34

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Juni 2024 mimi na mama watoto tuliwaacha watoto Kasulu kwa shemeji, tukashuka Kigoma mjini kupumzika siku 2. Tangu tuoane hatujawahi kusafiri pasipo msiba, harusi au semina. Safari hii hatukuwa na shughuli yoyote, na nakiri ilinitia aibu. Mtu akiniuliza nimefuata nini mjini, nilikuwa namjibu, "Kuna mambo kidogo."

Ziwa Tanganyika lilikuwa limefungwa, 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Tumefika ziwani, tunakula maharage! (Yalikuwa yameungwa kwa mawese, ukingo wa sahani ukabaki mwekundu, wala sikulalamika.) Kiangazi kilikuwa kimeanza, upepo mkavu, anga safi. Jioni tukateremka Kibirizi. Ufukwe ambao siku zote unanukia dagaa walioanikwa ulikuwa na mitumbwi tu iliyovutwa juu, na mzee mmoja anashona nyavu.

"Shikamoo mzee. Pole na kufungiwa ziwa."

"Marahaba. Hata lisingefungwa, leo tungelala," akasema, akiuonyesha mwezi kwa kidevu. "Mbalamwezi hii, nani aende?"

Wenyeji wanalijua hili. Dagaa huvuliwa gizani, wanaifuata taa ya mvuvi hadi juu ya wavu. Mwezi mpevu ukiangaza ziwa zima, taa yako haina kazi, dagaa wanatawanyika. Kwa hiyo kila mwezi wavuvi hukaa nchi kavu siku kadhaa, samaki wakiwamo majini, madeni yakiwa palepale.

"Na njaa, mzee?"

"Njaa ipo. Kwani nimesema haipo?"

Jibu hilo lilinikaa. Mimi nilikuwa nikidhani mapumziko ni ya aliyemaliza. Nikimaliza kusahihisha mitihani, nikimaliza ujenzi, kwaya ikisharekodi, ndipo nitapumzika. Mzee yule hajamaliza chochote. Mwezi umetoka, ameweka kasia chini. Katika Walawi 25 Mungu anaipa ardhi yenyewe sabato, mwaka wa 7 isilimwe, na haulizi kwanza kama ghala limejaa. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 hivi, la pili duniani, nalo limehitaji kuachwa lipumue. Mimi mwenye kimo cha mita 1 na nusu na ushee najiona sihitaji.

Sasa rudini kwenye somo letu. Mitume wamerudi wamechoka, hata nafasi ya kula hawana. Yesu anawaambia, "Njoni ninyi peke yenu kwa faragha, mahali pasipokuwa na watu, mkapumzike kidogo." Wanapanda mashua. Watu wanawaona, wanakimbia kwa miguu, wanatangulia kufika. Yesu anashuka, anawahurumia, anaanza kufundisha. Nimesoma habari hii miaka mingi nikiona pumziko lilivyoharibika. Usiku ule ufukweni niliona kwamba walilipata: ni ule muda wa majini, kati ya pwani na pwani. Kidogo, kama alivyosema.

Tulikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa hadi baridi ikatuondoa. Hatukuongea mengi.

Jumapili baada ya ibada tukapanda gari la Kasulu. Kabla hatujafika Mwandiga simu yangu ilikuwa imeshaita mara 4, zote za kwaya. Mama watoto akaniangalia, akacheka.

"Pokea tu," akasema. "Umati umeshafika ng'ambo."